Kopo la Udongo kutoka Lamu

Nilimwambia Awadh mambo mawili tu. Njoo na kanzu, usije na mbwa. Akaja na mbwa, na kanzu yenyewe imejaa manyoya.

Nilimwona tangu anateremka kwenye lile gari dogo jeupe la kazini kwake. Akazunguka nyuma, akafungua mlango, na moyo wangu ukaniambia Sundus, leo umekwisha. Likaruka jibwa jekundu lenye masikio marefu yanayoning'inia, likajikung'uta, likanitazama kwa furaha kama aliyekuja arusini. Yarabi, nikasema, huyu mwanamume ameletwa duniani kunitesa mimi.

Tulikuwa kwenye shamba la mitende la Mwarabu mmoja aitwaye Ghanim, mbali na mji, huku Uarabuni tunakofanya kazi, njia ya kwendea Hatta. Shangazi yangu Jokha, dadake baba, ana cherehani yake mtaani Satwa, na ndiye anayemshonea mke wa Ghanim nguo za Idi. Ndani ya shamba hilo kuna nyumba kongwe ya mawe na udongo, ambamo mababu wa Ghanim walikuwa wakikamulia tende, na mpaka leo hukamuliwa humo kila msimu. Shangazi alikuwa amealikwa kwenda kuiona na kuchukua asali mpya ya tende. Akaniambia, "Mwambie huyo kijana wako aje huko huko nimtazame. Nyumbani kwangu haingii mwanamume nisiyemjua."

Baba yuko Mombasa, na neno lake lilikuwa moja: atakalosema Jokha ndilo hilo. Shangazi angempigia simu siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Akisema ndiyo, Awadh ataleta posa. Akisema la, basi yuko Irshad, mwenye duka la vitambaa, ambaye wazee wake walishakwenda kwa baba na wanangoja jibu. Irshad hana ubaya. Kila mtu aliniambia hivyo, Irshad hana ubaya, na mimi nikifumba macho hata sura yake siioni.

Ya Awadh naiona hata nikiwa macho. Tulijuana dukani kwetu, mimi nauza manukato kwenye lile duka kubwa la Al Barsha. Alikuja akasimama mbele ya chupa zote zile, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nataka kitu kitakachoshinda harufu ya mbwa." Nilicheka mpaka msimamizi akanikodolea macho. Basi ndiyo ikawa hivyo. Na sasa yuko mbele yangu na huyo mbwa.

"Awadh, nini hiki?"

"Waaleikum salaam na wewe pia."

"Usinichekeshe. Jana nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisije na mbwa."

"Na huyu ni nani, mjomba wako?"

Akataka kucheka, akauona uso wangu, akaacha. Akaifupisha kamba mkononi mwake.

"Madam mwenye mbwa yuko kitandani, Sundus. Wamempasua mguu. Kila mwaka, siku kama ya leo, yeye na marehemu mumewe walikuwa wakimpeleka huyu mbwa kwenye kiwanda cha kale cha mvinyo huko kwao. Ndiko walikomwokota akiwa mtoto, kalala katikati ya mapipa. Sasa mume hayupo na yeye hawezi kusimama. Nilipomwambia nakwenda kuona nyumba ya kale ya kukamulia tende, akalia. Akasema, mchukue uende naye, unipigie picha moja tu mlangoni. Tende za huku ni kama zabibu za kwetu."

"Nawe ukasema ndiyo."

"Mtu mgonjwa, Sundus. Ningesemaje?"

"Ungesema leo nakwenda kuonwa na shangazi wa mchumba wangu! Ungesema keshokutwa! Huyo mbwa ana kalenda?"

"Nimeshaahidi, na ahadi ni deni."

"Na mimi uliyeniahidi?"

Mbwa akakaa chini, akapiga mkia vumbini.

"Anaitwa nani?" nikauliza, maana nilijua Shangazi ataliuliza hilo kabla ya yote.

"Merlo."

"Ndiyo jina gani hilo?"

Akasita. "Ni mvinyo."

"Ni nini?"

"Aina ya mvinyo, Sundus. Mwekundu. Kwa ajili ya rangi yake."

Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe mbwa peke yake alikuwa hatoshi, ilibidi na jina liwe la pombe. Wallahi nilitamani kulia, nikajizuia kwa sababu ya wanja.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mfunge huko nyuma ya gari, kwenye mtende, asionekane. Na Shangazi akikuuliza kazi, wewe uko ofisi ya mizigo, uwanja wa ndege."

Akanitazama. "Nani kasema?"

"Mimi. Nilishamwambia zamani."

"Unataka nije kuomba mke kwa uongo?"

"Na wewe unakuja kuomba mke na mbwa!"

Hapo akanitazama kwa yale macho yake mapole, lakini siku hiyo yalikuwa na kitu kingine ndani yake. Akaniuliza polepole, "Sundus, unanionea haya?"

Mara Shangazi akaita kutoka uani, "We Sundus! Kijana hajafika?" nami nikamvuta Awadh kwa ncha ya mkono wa kanzu yake, manyoya yakanibaki vidoleni.

Mbwa tukamfunga mtendeni. Fundo alilifunga Awadh, na mimi nikalikaza tena juu yake kwa hasira, nikajiona nimefanya la maana.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Shangazi Jokha akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Ni mshonaji, hatazami mtu, anampima. Jicho likaganda kifuani. "Mbona una manyoya namna hiyo? Wafuga paka?"

Awadh akafungua mdomo.

"Ndiyo, Shangazi," nikadakia. "Anapenda paka, wewe acha tu."

"Maashallah. Mtu apendaye paka ana huruma."

Awadh akanigeukia. Sikumtazama. Nilikuwa nalitazama birika la shaba dirishani kana kwamba nataka kulinunua.

Ghanim akatuingiza. Chumba chenyewe kidogo na kina giza, kimejaa harufu ya tende iliyokaa miaka mingi. Sakafu yake ni ya matuta membamba, na katikati ya matuta kuna vijifereji. Vikapu vya tende hupangwa juu yake mpaka karibu na dari, akatueleza, na uzito wao wenyewe ndio unaokamua. Hapana moto wala mashine. Asali hutiririka polepole kwenye vijifereji mpaka inaingia kwenye mtungi uliofukiwa pembeni. Shangazi, ambaye Kiarabu chake ni cha kupimia watu mabega na viuno, alielewa kila neno.

"Ona," akaniambia, "kitu kizuri hakina haraka. Sasa na wewe, baba Awadh, kazi yako ni ya haraka au ya polepole? Mizigo ya ndege, nasikia."

Awadh akasema, "Shangazi, kuhusu kazi—"

"Shangazi, asali!" nikapiga ukelele. "Ghanim anakupa asali!"

Na kweli alikuwa anampa. Alichota kwa upawa, akammiminia kiganjani. Shangazi akatoka nayo mlangoni aione rangi yake juani, nyeusi inayong'aa, akapeleka ulimi, akafumba macho.

Hapo ndipo nilipoiona kamba. Ilikuwa inaburuzika uani peke yake, na mbele ya kamba kulikuwa na Merlo.

"Shangazi!"

Nilichelewa. Mbwa alimkuta Shangazi na kiganja wazi, akafanya kile ambacho mbwa yeyote angefanya. Alilamba asali yote, kuanzia kidole cha kwanza mpaka kifundo cha mkono, kwa adabu kabisa, kama anayebusu mkono wa bibi yake.

"Astaghfirullah! Yarabi toba! Toa! Toa hili! Mbwa! Sundus, mbwa!"

Ghanim akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Awadh akaishika kamba. Mimi nikakimbilia mkoba, nikatoa vitambaa vyangu vya kufutia uso, vile vyenye manukato, na kichupa cha dawa ya mikono.

"Nipe mkono, Shangazi, hii inaua vijidudu vyote!"

"Vijidudu nimekuuliza mimi? Mkono una najisi na adhuhuri iko mlangoni! Nataka udongo! Udongo safi na maji! Hukuenda chuo cha Kurani wewe?"

Nikatazama chini. Uani kote ilikuwa sakafu ya mawe, na chini ya mitende kulikuwa na samadi ya mbuzi iliyomwagwa juzi tu. Nilisimama pale na kichupa changu mkononi, mjinga kuliko wajinga wote.

Awadh akamfunga mbwa mara ya pili, akaenda garini, akarudi na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, na lile birika la dirishani limejaa maji. Akachuchumaa mbele ya Shangazi.

"Kinga mkono, Shangazi. Mara saba, na ya kwanza kwa udongo."

Akammiminia udongo mweupe, laini kama unga, akatia maji kidogo. Shangazi akasugua. Kisha akasuza, akakinga tena, na macho yake yakawa kwenye kopo.

"Kopo hili watembea nalo?"

"Kila siku, Shangazi."

"La nini?"

Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Awadh hakugeuka.

"Kazi yangu ni kulea mbwa. Jumeirah Village Circle, majumba yale ya wageni. Wenyewe wakienda kazini mimi nawatembeza, nawaosha, nawalisha. Kabla ya kila swala najitoharisha kwa udongo huu na kubadilisha nguo. Leo sikubadilisha vizuri. Uniwie radhi."

Maji yakamwagika. Shangazi akauzungusha mkono chini yake.

"Si mizigo?"

"Si mizigo."

"Na yule paka?"

"Hakuna paka, Shangazi."

"Hm." Akakinga tena. "Mbwa wa nani huyu?"

Akamweleza habari za madam, mguu, marehemu mumewe na mapipa. Nilijua sasa atauliza, na akauliza, jina lake nani, na yule mwanamume asiyejua kujiokoa akamwambia jina na maana yake pia. Shangazi akavuta pumzi ndefu kwa pua. Maji yakaendelea.

"Udongo mzuri huu," akasema mwishowe. "Huku wauona wapi udongo kama huu? Hapa ni lami na mchanga wa lori."

"Ni wa uani kwetu Lamu. Mama huuchekecha mwenyewe. Akisikia mtu anakuja huku, humpa kopo aniletee."

"Mamako ajua kazi yako?"

"Anajua. Alilia siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kuchekecha."

Shangazi aliutazama mkono wake uliokwisha kuwa safi. Awadh akammiminia maji ya saba, akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Hakunitazama. Akaenda kwa mbwa wake.

Ndipo Shangazi aliponigeukia, na wallahi ni afadhali angenipiga.

"Mimi nimekuuliza kazi ya mwanamume, wewe umenipa uwanja wa ndege."

"Shangazi, niliogopa—"

"Uliogopa nini? Mimi? Kazi ya mbwa siipendi, nasema wazi. Wenzangu wakisikia watanicheka mpaka meno yawadondoke. Lakini mate ya mbwa yana udongo wake, mwanangu. Uongo wauosha kwa udongo gani?"

"Nilitaka ukubali tu."

"Nikubali nani? Bwana wa mizigo? Hayupo! Mficha uchi hazai." Akatoa simu kwenye mkoba, akaishika kwa mkono mkavu. "Nilikuwa nimpigie kakangu. Sasa simpigii. Utampigia wewe, na kazi ya mchumba wako utaitaja kwa mdomo wako. Ukishindwa, Irshad hana ubaya."

Akaingia ndani kutia udhu, akaniacha mlangoni.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Shangazi, nikamkasirikia madam na mguu wake, Ghanim na kicheko chake, na zaidi Awadh, ambaye angeweza kusema neno moja tu la mizigo tukawa tumemaliza, khalas. Nikamwendea nikiwa nimejaa maneno. Alikuwa anajaribu kumkalisha Merlo mbele ya mlango wa nyumba ya tende, simu mkono mmoja, kamba mkono wa pili, na kila akirudi nyuma apige picha, mbwa naye anamfuata.

"Awadh."

"Acha nipige picha niliyotumwa, niende, Sundus. Madam anangoja."

"Uende wapi?"

"Nimrudishe mbwa."

"Na sisi?"

Alikuwa ameinama anafungua fundo kwenye kamba. "Mamangu ana miaka karibu sabini," akasema, "anachuchumaa juani anachekecha udongo ili mimi nisione haya. Nimeizoea haya ya watu, Sundus. Ya kwako sikuizoea."

Nilimwona vile alivyo, kanzu imechafuka magotini kwa kumwoshea shangazi yangu mkono, na nikajua akiingia kwenye lile gari, hatarudi. Hatanigombeza, hatanisema kwa watu. Atakwenda tu. Nami nitaolewa na mtu asiye na ubaya.

"Lete kamba," nikasema.

"Humwezi. Unamwogopa."

"Lete kamba, Awadh!"

Akanipa. Nikalikunja buibui langu jipya, nikapiga magoti kwenye yale mawe, nikamkumbatia Merlo shingoni. Alikuwa na joto na manyoya laini, na ananuka, kweli ananuka. "Piga," nikasema. Awadh akainua simu. Akaitazama ile simu muda mrefu kuliko inavyohitaji picha. Na yule mbwa mshenzi, aliyeonjeshwa asali akaiona dunia nzima ni asali, akaugeuza uso akanilamba, kuanzia kiganja mpaka kiwiko.

"Ala!" akasema Shangazi mlangoni, udhu unamtiririka. "Na huyu pia! Mleteni udongo!"

Awadh akachuchumaa mbele yangu na kopo lake. Akanimiminia udongo wa mamake, nikausugua, akamwaga maji.

"Mimi pia nina maswali," akasema kwa sauti ya kusikika na sisi wawili tu.

"Uliza."

"Ulinionea haya?"

Ningeweza kusema la. Ulimi wangu ulishalizoea la. "Ndiyo," nikasema. "Nilikuonea haya. Mbele ya Shangazi, na mbele ya wenzangu dukani. Na ukinipigia simu moyo wangu hupasuka kwa furaha, na bado nilikuonea haya. Ndivyo nilivyokuwa mjinga."

Maji yakaendelea. "Na sasa?"

"Shangazi," nikaita, "nipigie simu kwa Baba."

"Mikono yako imelowa."

"Nishikie sikioni."

Shangazi akabonyeza, akanibandika simu sikioni, akasimama juu yetu kama askari. Awadh alishikilia birika hewani. Mlio, mlio, kisha sauti ya baba, nzito, ya mtu aliyeamshwa kwenye kiti chake.

"Jokha?"

"Ni mimi, Baba. Sundus. Baba, yule kijana ninayemtaka anaitwa Awadh, mtu wa Lamu. Hafanyi kazi ya mizigo. Shangazi hakujua, ni mimi niliyesema uongo. Analea mbwa."

"Analea nini?"

"Mbwa, Baba. Mbwa wa wazungu. Hiyo ndiyo kazi yake, na namtaka yeye."

Nilisikia feni ya sebuleni kwetu Kibokoni, nikasikia mtu anapita barabarani anauza kahawa. Awadh alikuwa ananitazama, na maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mdomo wa birika bila yeye kujua. Nikasema moyoni, haya, sema la, Baba, lakini lisemee mtu wa kweli.

"Mbwa," akasema baba. "Sasa udongo wa kujitoharishia apata wapi huko?"

"Mamake humletea kutoka Lamu. Anauchekecha mwenyewe."

Shangazi akainama mpaka sikio lake likagusa simu.

"Basi," akasema baba, "nitafutie namba ya huyo mama."